Asilimia 97 ya nini hasa?

Umeuliza kwa nini chanjo ya VVU "iliyofaulu kwa 97%" haijaanza kutolewa. Jaribio hilo, IAVI G001, lilikuwa na watu wazima 48 tu, wote wasio na VVU, na 36 kati yao ndio waliopata chanjo. Katika hao 36, miili ya 35 ilizalisha aina ya seli za kinga ambazo watafiti walikuwa wakizitafuta. Hiyo ndiyo 97% yenyewe. Jaribio halikupima kama mtu anakingwa asiambukizwe. Seli hizo ni mwanzo tu, zinahitaji chanjo nyingine za kuzikuza hadi zitoe kingamwili zenye nguvu.

Awamu ya kwanza ya majaribio, kama hili, huwa ndogo kwa makusudi: ijulikane kwanza kama kitu ni salama na dozi ipi mwili unaistahimili, kabla ya kuwaita maelfu. Na dalili njema za mwanzo si ahadi. Afrika Kusini, jaribio jingine la chanjo ya VVU, HVTN 100, lilikuwa na watu 252 na kinga zao ziliitikia vizuri, ndipo likaja jaribio kubwa, HVTN 702, lenye watu zaidi ya 5,400. Likasitishwa mwaka 2020, chanjo haikuzuia maambukizi. Habari ile iliniuma sana.

Chanjo hizi nilizotaja hazina VVU ndani yake, haziwezi kukuambukiza. Ila chanjo ya majaribio inaweza kufanya kipimo cha kingamwili kisome "chanya" ilhali huna virusi, kwa hiyo kabla ya kutia sahihi ya kujiunga na jaribio uliza utapimwaje baadaye.