Aikoni zinazorudi kila zikifutwa: nizitoeje kwenye simu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina simu ya Android ambayo haijafikisha hata miezi sita. Skrini yake imejaa picha za michezo na mikopo ambazo sikuziweka mimi. Nikizitoa, siku mbili tatu zinarudi, na bando linaisha upesi. Naogopa kufuta ovyo nisije nikapoteza hela zangu za M-Pesa. Nifanyeje?
Mama lishe, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na hela, maana hofu hiyo inawafunga mikono wengi. Salio la M-Pesa halikai ndani ya simu. Linakaa kwenye mitambo ya kampuni, kwa jina la namba yako. Hata ukiifuta programu yake, piga *150*00# na utalikuta palepale. Kinachopotea ni kile kilichohifadhiwa kwenye simu tu. Kama unaandika madeni ya wateja kwenye programu fulani, hiyo usiiguse kabla hujayanakili mahali pengine.

Sasa bonyeza aikoni moja, yaani hizo picha ndogo za kwenye skrini, na ushikilie bila kuachia. Kwa simu iliyowekwa Kiswahili, utaona Ondoa na Sanidua. Ondoa inaitoa aikoni kwenye skrini, basi. Programu yenyewe imebaki, inaendelea kula nafasi na bando, na ukiperuzi orodha ya programu zote utaikuta imekaa. Sanidua ndiyo inayoing'oa. Zile zenye kipicha kidogo cha Chrome (programu ya kufungulia tovuti) pembeni ni njia za mkato za tovuti, si programu, kwa hiyo kuziondoa kunatosha.

Kazi kubwa ni hizo zinazorudi. Programu uliyoisanidua hairudi yenyewe, kuna nyingine inayoileta, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Usikimbilie kufuta. Ikirudi tena, iache kwanza, fungua Mipangilio, ingia Programu, ichague, kisha shuka mpaka chini kabisa. Katika simu nyingi utakuta sehemu ya maelezo inayotaja ilikosakinishwa, yaani ilikotoka ilipowekwa kwenye simu. Pakisomeka jina lingine badala ya Google Play Store, umempata mhusika. Mara nyingi ni duka la programu lililokuja na simu yenyewe, au mchezo uliopakua zamani ukausahau.

Kama ni mchezo uliopakua, usanidue. Mchezo huo ukigoma kutoka, angalia kwenye mipangilio ya Usalama kama wenyewe umepewa mamlaka ya msimamizi wa kifaa, ambayo huzuia programu isisanidulike. Unyang'anye mchezo mamlaka hayo kwanza, ndipo utakubali kutoka. Kama ni duka lililokuja na simu, huenda usione Sanidua, utaona Zima. Ibonyeze. Duka litabaki kwenye kumbukumbu ya simu, lakini halitafanya kazi wala kuonekana. Hata Zima ikikataa, lifungue lenyewe, nenda kwenye mipangilio yake, uzime mapendekezo, masasisho ya kujiendesha na arifa. Kisha rudi kwenye Mipangilio, utafute ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana. Tangu Android 8 ruhusa hiyo hutolewa kwa kila programu peke yake, hivyo ipitie orodha yote na uzime kila uliyoikuta imewashwa.

Kuna jambo la mikopo nisilotaka ulipite. Kama hukuwahi kujisajili, sanidua bila wasiwasi. Lakini kama uliwahi kukopa kwenye mojawapo, kuifuta programu hakufuti deni. Na kama uliipa ruhusa ya kusoma majina ya simuni, kuiondoa leo hakurudishi majina iliyokwishayachukua. Maliza deni kwanza, uhifadhi ujumbe wa malipo, ndipo uitoe.

Fundi akikuambia simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, mwambie asubiri. Itafuta picha zako na namba zako, ilhali lile duka lililokuja na simu litarudi pamoja nayo, na aikoni zake zitaanza upya.

Ukishazima yote haya na bado zikarudi, niandikie aina ya simu yako na lile jina ulilolikuta kule chini kwenye maelezo. Kwa jina hilo nitajua pa kukuelekeza.