Samadi Mbichi Ilivyoniumbua

Juzi msomaji mmoja wa Masasi kaniuliza: "Dada, mchicha wangu unaota vizuri, halafu ghafla unanyauka wote. Nakosea wapi?" Nilicheka kidogo, maana hapo nami nimepita, tena kwa aibu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Mikindani nilitaka mama mkwe aone kwamba mtoto wa mjini naye analima. Novemba ilipofika na mawingu kuanza kukusanyika, nikanunua viroba vinne vya samadi ya kuku, mbichi kabisa, nikaifukia kwenye matuta na kusia mbegu siku hiyohiyo. Mchicha ukachipua, nikawaita majirani. Siku ya nane majani yamekunjamana, kingo zimeungua kama karatasi iliyopitishwa kwenye kibatari. Ukichomeka kidole kwenye tuta, unasikia joto. Mama mkwe akapita, akatazama, akasema tu: "Haya mwanangu, sokoni mchicha upo." Sauti ile naisikia mpaka leo.

Siku hizi Septemba, watu wanapohangaika na korosho, mimi nina lundo langu nyuma ya jiko: samadi, majani makavu ya mwembe, maji kidogo, nageuza kila baada ya wiki mbili. Ikipoa na kunukia udongo, hapo ndipo inaingia shambani. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji wala mbolea. Usipoulisha, hata mvua kubwa itapita tu. Kwa hiyo dada, ozesha samadi. Narudia: ozesha kwanza! Haraka ya kuonekana mkulima ndiyo inayotuangusha wengi.

Na kando ya uzio naacha ukanda kama wa mita moja, sipalilii, maua ya porini yajiotee. Mama mkwe anauita kichaka. Lakini boga lina ua dume na ua jike mbalimbali, na nyuki wasipofika, kile kiboga kichanga kinageuka njano na kudondoka. Kabla ya hicho kichaka nilikuwa naamka alfajiri kupaka chavua kwa mkono, ua kwa ua, kama mkunga. Sasa saa moja asubuhi nyuki wamejaa, mimi nakunywa chai.

Machi mwaka huu mama mkwe alimtuma mjukuu kuomba maboga mawili. Nikampa matatu. Kikapu kilirudi kitupu, bila hata salamu.