Kuhusu Mashairi Yale ya Mapenzi

Bombo, Uganda

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia pamoja na dawa za presha, na shangazi yako wa Arua, aliyenisomea kwa kuwa miwani yangu imevunjika mkono, anakusalimu. Unaniuliza, kwa kuwa umekwisha kuyanakili madaftari yangu kwenye kompyuta, kama mashairi ya mapenzi niliyoyatunga ujanani yaingie katika kitabu kimoja na tenzi za dini nilizozitunga baadaye, au yaachwe ili watu wa msikitini wasije wakanisema. Kabla sijalifikia swali lako, acha nikueleze jinsi mashairi hayo yalivyosalimika, maana wakati huo ulikuwa mgongoni kwangu na huna unachokumbuka isipokuwa yale tuliyokusimulia.

Katika nyumba ya babu yako Kinubi kilikuwa cha jikoni, Kiganda cha sokoni, na barazani hapakusemwa ila Kiswahili, kwa sababu mzee alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, na hakukubali mgeni aondoke bila kukisikia. Kwake nilipata lugha. Ushairi niliupata kwa mwalimu wetu wa chuoni, mtu wa Pwani, ambaye baada ya kutusomesha Kurani alitufundisha kwamba mshororo una mizani 16, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili, na kwamba shairi lisilosemeka kwa sauti halijawa shairi. Neno hilo la mwisho nimewaimbia ninyi watoto hadi mkalichoka, nami sijalichoka.

Rais Idi Amin alipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, mwalimu wa Kiswahili kama mimi alitafutwa kila mahali. Serikali yake ilipoanguka Aprili 1979, lugha ile ile iligeuka ushahidi dhidi yetu, kwa kuwa sisi Wanubi tulihesabiwa wote kuwa watu wake, hata wale waliomwogopa kuliko mtu yeyote. Safari ya kukimbilia Yei, kule Sudan, unaijua. Usilolijua ni kwamba nilibeba wewe, sufuria na msahafu, na sanduku la madaftari likabaki chini ya kitanda.

Kule Yei karatasi haikuwapo, kwa hiyo nilikuwa nikisuka kawa huku nikiyasema mashairi kwa sauti ya chini ili yasinipotee, na yale ya mapenzi ndiyo yaliyorudi kwanza, yakiwa mazima, na vina vyake. Jioni moja sheikh mmoja, ambaye sitamtaja, alituhutubia akasoma kutoka Sura ya Washairi, aya ya 224 hadi ya 226, kwamba washairi hufuatwa na wapotofu, kwamba hutangatanga katika kila bonde, na kwamba husema wasiyoyatenda. Kisha akafunga msahafu. Aya ya 227, inayowatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi, hakuisoma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake wenzangu, na aya hiyo nilikuwa nayo kifuani, lakini mahali pale mwanamke hakuinua sauti. Tangu siku hiyo, mwanangu, ninamjibu mtu ambaye hakuniuliza kitu.

Namjibu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit. Namjibu kwamba Kaab bin Zuheir, mshairi aliyekuwa amemkashifu Mtume, alipokuja kuomba msamaha alianza shairi lake kwa kulilia mwanamke aliyemwacha, na inasimuliwa kwamba Mtume alimsikiliza hadi mwisho akamvika joho lake. Hata hivyo nisimwonee sheikh. Wiki ile tulikuwa tumezika watoto, na huenda hakuona mahali pa mashairi ya manukato na hina. Na hilo la kusema tusiyoyatenda nitalikanaje, mimi niliyetunga beti za subira huku nikilaani foleni ya unga? Lakini aya aliiacha, na aliiacha akijua.

Baada ya hapo kwa muda mrefu sikutunga ila tenzi za dini na kaswida za maulidi. Marehemu baba yako alisema ni woga, nami nilisema ni toba, tukaliacha hapo.

Tuliporudi 1986, nyumba haikuwa na mlango wala sanduku. Mwaka huohuo nilialikwa usiku wa hina wa binti wa jirani, na katikati ya nyimbo nikasikia shairi langu. Bibi harusi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imepakwa na hakuweza kupiga makofi, alikuwa akigonga kisigino sakafuni kwenye kila kina. Mimi niliandika hivi: *Nakungoja mlangoni, taa nimeshaiwasha.* Wao waliimba: *Nakungoja mlangoni, taa naogopa washa.* Nikahesabu mizani kwa vidole chini ya mtandio, nane na nane, haikupungua hata moja. Waliobaki hapa Luwero wakati wa vita walijua taa usiku huita nani, na mmoja wao alikuwa ameurekebisha mshororo wangu ukawa bora kuliko nilivyouweza. Nilipomuuliza mama aliyeniketia jirani wimbo huo ni wa nani, alinijibu kwamba ni wa mabibi wa zamani. Nilikuwa bado sijafika miaka arobaini! Nilikasirika, kisha nikafurahi hadi nikashindwa kula pilau.

Shairi lisilosemeka kwa sauti halijawa shairi, na lile lilisemwa na watu wasionijua, wakati daftari lilikuwa limekwisha kuwashia moto wa mtu. Tena nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata baba yako. Tangu usiku ule, nikisimama kwa sala ya alfajiri kabla ya takbira, mshororo ule hunijia kwa namna walivyouimba, na sijauona ukigombana na sala.

Unasema kitabu kitasomwa kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliidhinisha 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima, na shule zinatafuta vitabu. Inshallah. Kuhusu kuyatia au kuyaacha, niliapa nisitoe hukumu, kwa sababu jina litakalosimama mbele ya watu wa msikitini baada yangu ni lako, na hapa ulimi unaniwasha kweli. Na ile taa iliwashwa kwa ajili ya nani, baba yako alijua, inatosha.

Lakini ukilitia shairi hilo, daftari la kijani, nililoliandika upya baada ya kurudi, lisifuatwe, kwa sababu humo niliurudisha mshororo wangu wa kwanza kwa ubishi tu. Andika ule walioimba, na chini yake usiweke jina langu peke yake, andika pia: na wanawake wa Bombo.

Mama yako