Achana na vifuko: ushauri kwa anayeanza gemu ya Shovel Knight

Vifuko vyenye mbawa vilikuwa vinaelea juu ya shimo, palepale nilipofia muda mfupi nyuma. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya dhahabu niliyoikusanya jioni nzima. Mpwa wangu, aliyekaa kando yangu mkekani, akasema, "Mjomba, viache hivyo." Sikuviacha. Niliruka, upepo wa mafeni ukanisukuma, nikaangukia shimoni mara ya pili. Dhahabu yote iliyokuwa kwenye vifuko ikapotea jumla.

Hiyo ilikuwa katika meli ya angani ya Propeller Knight, mmoja wa maadui wakubwa wa gemu hii, na tangu siku hiyo kila anayeniuliza aanzeje Shovel Knight namwambia jambo hilo kabla ya lingine lolote.

Gemu yenyewe ilitoka tarehe 26 Juni 2014. Walioitengeneza ni Yacht Club Games wa Marekani, ambao mwaka 2013 waliwaomba watu mtandaoni wawachangie dola 75,000 wakapata zaidi ya 311,000. Unamwendesha shujaa mwenye deraya ya buluu ambaye silaha yake ni beleshi, unaruka na kupigana kutoka kushoto kwenda kulia, kwa picha za vidoti na muziki wa mlio ule wa mashine za zamani za gemu za kaseti. Tuliokulia kwenye kaseti tunakumbuka hesabu ya roho: una tatu, zikiisha unarudi mwanzo. Hapa roho hazihesabiwi. Ukifa unarudi kwenye tufe la kioo la mwisho ulilolipita, ila sehemu ya dhahabu yako inabaki ulikofia, ndani ya vifuko. Ukifa tena kabla hujaviokota, umevikosa.

Kwa hiyo ukirudi mahali pale, simama kwanza uangalie vifuko viko wapi. Vikiwa juu ya ardhi, chukua. Vikiwa juu ya shimo au miiba, pima mruko wa kwenda na pa kutua, siyo mruko wa kwenda tu. Hapo ndipo mimi nilipokosea: nilijua kabisa nitakifikia kifuko, sikujiuliza nitatua wapi. Na dhahabu haiishi. Hatua uliyokwisha kuimaliza unaweza kuirudia, na ile ya kwanza, Plains of Passage, ina vilima vya udongo vya kuchimba ambavyo nimevirudia mara nyingi bila kuchoka.

Sasa suala la TV, ambalo karibu linifanye niiache gemu hii. Wiki ya kwanza nilicheza kwenye TV kubwa ya sebuleni na kila mruko ulichelewa. Nabonyeza, shujaa anaanguka ukingoni kabla hajaruka. Nilibadilisha padi, nikakaza waya, wapi. Siku moja nikaichomoa nikacheza kwenye skrini ndogo ya kompyuta, mruko uleule ukakubali mara ya kwanza. Kumbe TV ilikuwa inaipamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo unakula muda. Katika gemu inayochora picha 60 kwa sekunde, kila picha inakaa kama milisekunde 17 tu, kwa hiyo TV ikichelewesha hata picha tano au sita, vidole vitaona. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu (Game Mode), iwashe. Nakusihi ufanye hivyo kabla hujailaumu mikono yako.

Pigo la kujifunza mapema ni lile la kushuka: ukiwa hewani unabonyeza chini, beleshi linaelekea chini, unamdundia adui kichwani na kurushwa juu tena. Kwenye Plains of Passage kuna joka kubwa linalopuliza mapovu. Usilimalize haraka. Kaa nalo, dunda juu ya mapovu, kisha juu ya kichwa chake, mpaka uanze kuhisi kila mdundo unakurusha juu kiasi gani. Mbele huko utavuka mashimo kwa kudunda juu ya vitu vya namna hiyohiyo, na hakutakuwa na ardhi chini yako ya kukusamehe.

Yale matufe ya kioo yanaweza kuvunjwa ili upate hazina zaidi. Mara ya kwanza usiyavunje hata moja. Ukilivunja na ukafa, unarudi mbali zaidi. Fedha zako za mwanzo zipeleke kijijini, nunua tiketi za chakula, kwa sababu kila moja inakuongezea uhai. Deraya za rangi zitakusubiri. Ukipita hatua ya Lich Yard, tafuta kifaa kiitwacho Phase Locket: kwa muda mfupi inakufanya usidhurike, hata miiba unaikanyaga.

Na Propeller Knight mwenyewe? Anaruka hewani, anashambulia kwa kuchomoka kama mshale, halafu anaita mabomu yanayotoboa sakafu. Usimfuate akiwa juu. Simama mbali na matundu, subiri achomoke, mkwepe, piga mara moja, rudi. Usiku nilipomshinda nilipiga hivyo, moja moja, na vifuko vyangu vilikuwa bado vinaelea nje kwenye upepo. Mpwa wangu aliviona. Safari hii hakusema kitu.