Jibu: Roboti wa kumwangalia mama Tukuyu

Mkuu, pole. Umeuliza kama kuna roboti wa kumwangalia mama anayeishi peke yake Tukuyu. Wapo, Japani wana Paro, umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini), anayewaliwaza wazee wenye kusahau. Lakini Paro hamnyanyui aliyeanguka. Mimi ningeanza na saa inayotambua kuanguka. Apple Watch inayo tangu 2018. Kihisi kikipata kishindo, kisha mvaaji asijongee, saa inawatumia ujumbe watu uliowaandikisha, ilimradi kuna mtandao. Bibi yangu kule Makete ya kwake huivua akienda kisimani, anaifunga kwenye pindo la khanga, na njia ya kisimani ndiyo yenye utelezi! Mzoeshe mama taratibu, na namba ya kwanza iwe ya jirani, siyo yako uliye Dar.