Ndoano ya manyoya gizani: je, inafaa Ziwa Victoria?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi huvua kwa ndoano hapa Igombe, Mwanza, kwa kujifurahisha baada ya kazi. Mgeni wetu kutoka Uingereza ameniachia fimbo, mshipi mnene na kikopo cha ndoano zilizofungwa manyoya ili zielee kama mdudu aliyetua majini. Alisema kwao samaki wakubwa huzifuata usiku. Je, zitanifaa ziwani? Nichague rangi gani? – Msomaji, Igombe.

JIBU: Ndugu msomaji, mgeni wako hakukudanganya, ila alikuwa na samaki mwingine akilini. Kwao trauti wakubwa wa kahawia, ambao mchana hujificha chini ya kingo za mto, hutoka usiku wa kiangazi kula wadudu wanaoelea.

Rangi ni nyeusi. Samaki humtazama mdudu kutoka chini, na kwa kuwa hata usiku usio na mwezi anga haliwi jeusi kama maji, anachokiona ni kivuli tu, nacho hukolea zaidi ndoano ikiwa nyeusi na yenye manyoya mengi. Ivute polepole ili itikise maji kidogo, kwa maana samaki huhisi mtikisiko huo kwa ubavu wake. Uzi wa mwisho, ule unaounganisha mshipi na ndoano, uwe mfupi na mnene; gizani samaki hauoni kwa urahisi, nawe utaepuka mafundo ambayo kuyafungua usiku ni adhabu. Rusha karibu, mita 8 hadi 10, kisha tega sikio: utasikia samaki akilamba juu ya maji kabla hujaona kitu, lakini usiinue fimbo mpaka mshipi uwe mzito mkononi.

Sasa tuje ziwani. Siku za mwezi mwandamo wadudu wa ziwani huibuka kwa wingi na kutanda angani kama moshi, na dagaa hupanda juu usiku kuwala. Ndizo siku za giza ambazo wavuvi wa dagaa hutoka na karabai au taa za sola. Mbalamwezi ikishika, taa hupungua nguvu nao hupumzika. Wewe pia fuata kalenda hiyo. Hata hivyo, dagaa ni mdogo mno kwa ndoano zako, na sangara mkubwa hula samaki na uduvi, kwa hiyo sioni sababu ya kumngojea apande kwa mdudu mmoja. Kwake funga manyoya marefu meupe yanayofanana na dagaa, yazame kidogo. Ndoano inayoelea ningeijaribu kwa sato, ambaye pamoja na mwani hula wadudu, kando ya mafunjo maji yakiwa yametulia.

Tochi uiwashe ukiwa umegeukia nchi kavu. Taa iliyotulia huvuta dagaa, lakini mwanga wa ghafla hufukuza samaki. Usiingie majini hata kwa magoti, kwani viboko hutoka kula majani usiku na mamba wapo. Simama juu ya mwamba, au kaa ndani ya mtumbwi uliotia nanga ukiwa umevaa jaketi okozi. Bana kwa koleo kijino cha ndoano, ile ncha ndogo inayoelekea nyuma, kwa sababu gizani ndoano huweza kukunasa wewe mwenyewe, na pia kukibana hukurahisishia kumrudisha majini sangara asiyefika sentimita 50. Kabla ya yote, muulize ofisa uvuvi wa eneo lako kuhusu leseni.