Kubiti 6, mipangilio 14: kuthibitisha mfungamano bila tomografia

Kama lengo lako ni kujua tu iwapo kubiti (biti za kwanta) 6 za hali ya GHZ, yaani mchanganyiko wa kwanta wa zote kuwa 0 na zote kuwa 1, zimefungamana kweli, achana na tomografia kamili, yaani upimaji wa kuijenga upya hali yote. Inadai mipangilio 729 ya upimaji (3 kwa kipeo cha 6), na kifaa huwa kimeshayumba kabla hujafika nusu. Mipangilio 14 inatosha.

Wa kwanza ni mwepesi: soma kubiti zote bila kuzizungusha, kisha jumlisha uwezekano wa 000000 na wa 111111. Hiyo ni P. Kazi iko kwenye 13 iliyobaki. Zungusha kila kubiti robo duara kwa mhimili ulio kwenye bapa la xy, wenye pembe φ, soma zote, kisha hesabu pariti: +1 idadi ya moja ikiwa shufwa, −1 ikiwa witiri. Pembe 13 zigawanye sawasawa duara zima. Pariti itapanda na kushuka mara 6, na kimo cha wimbi hilo ni C. Fideliti, yaani kipimo cha ukaribu wa hali yako na GHZ kamili, ni (P + C)/2. Ikivuka 0.5, kubiti zote 6 zimo kwenye mfungamano mmoja. Mathalani, P ya 0.78 na C ya 0.55 hutoa 0.665; kwa marudio 1000 kila mpangilio, kosa la takwimu ni kama 0.01.

Wengi huharibu kwenye C. Hupima karibu na kilele kimoja tu, au huiachia programu ijichagulie masafa. Mawimbi ya mara 2 na 4, ambayo hayahusiani na GHZ, hujipenyeza na kuikuza C. Funga masafa kwenye 6 ila faza (mahali wimbi linapoanzia) iache huru: faza iliyohama haipunguzi mfungamano hata chembe.

Usomaji nao una lake. Kosa la asilimia 2 kwa kila kubiti huishusha C hadi 78% ya thamani yake (0.96 kwa kipeo cha 6). Kusahihisha kunaruhusiwa, lakini jedwali la makosa ya usomaji lililopitwa na wakati linaweza kukuvusha 0.5 kwa uongo. Toa namba ghafi pia. Zikivuka zenyewe, hakuna haja ya kusahihisha.

Usikubali pia hoja kwamba kila mgawanyo wa makundi mawili umeonyesha mfungamano, basi imetosha. Mchanganyiko wa jozi tofauti zilizofungamana hufaulu mtihani huo bila mfungamano wa wote kuwapo. Na kwa hali ya W, ambamo 1 moja tu inagawanywa sawa kati ya kubiti zote, kizingiti si 0.5 bali 5/6, kwa hiyo 0.7 iliyokufurahisha kwenye GHZ haithibitishi chochote huko.